Marafiki wa Makaburi ya Highgate

Makaburi ya Highgate yako kwenye mteremko wa kilima kaskazini mwa London. Barabara nyembamba yenye mwinuko mkali, Swain's Lane, inayagawa pande mbili. Upande wa magharibi ndio mkongwe, ulifunguliwa mwaka 1839; wa mashariki ulifuata mwaka 1860. Kwa jumla wamezikwa humo watu wapatao 170,000 katika makaburi kama 53,000. Tangu mwaka 1975 yanatunzwa na chama kilichoanzishwa na watu wa kujitolea, Marafiki wa Makaburi ya Highgate, na bila chama hicho ni vigumu kuamini kwamba upande wa magharibi ungekuwa bado na jengo lililosimama.

Ili kuielewa kazi yao, ni lazima kwanza ijulikane makaburi hayo yalianzishwa kwa nini, na yalifikaje kuachwa.

Mwaka 1801 London ilikuwa na watu karibu milioni moja. Nusu karne baadaye walikuwa wamepita milioni mbili. Waliokufa nao waliongezeka, lakini ardhi ya kuwazikia ilibaki ileile: viwanja vidogo vilivyozunguka makanisa ya mitaa. Jeneza liliwekwa juu ya jeneza mpaka la mwisho likafukiwa kwa udongo wa kiasi cha kiganja tu. Wachimba kaburi walilazimika kuvunja mifupa ya wa zamani ili wapate nafasi ya wapya. Wezi wa maiti walifukua wafu usiku na kuwauzia walimu wa udaktari. Kipindupindu kilipoingia mjini mwaka 1832, hofu ya uvundo wa makaburi iliwaenea matajiri na maskini. Mwaka huohuo Bunge lilianza kuruhusu kampuni binafsi kufungua makaburi mapya nje ya mji. La kwanza lilikuwa Kensal Green, mwaka 1833. Kufikia mwaka 1841 yalikuwa saba, yakiuzunguka mji kila upande, na Highgate ilikuwa mojawapo.

Kampuni iliyoanzisha Highgate iliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1836, na msanifu wake alikuwa Stephen Geary. Ilinunua eka 17 kwa pauni 3,500, ardhi iliyokuwa bustani ya jumba la ukoo wa Ashurst, karibu na kilele cha kilima. Tarehe 20 Mei 1839 Askofu wa London, Charles James Blomfield, aliyaweka wakfu makaburi hayo. Eka 15 zilitengwa kwa waumini wa Kanisa la Uingereza na eka mbili kwa Wakristo wa madhehebu mengine. Siku sita baadaye alizikwa mtu wa kwanza, Elizabeth Jackson wa mtaa wa Soho, mwanamke wa miaka 36.

Hii ilikuwa biashara, na kampuni ilijua vema mteja wake ni nani. Familia iliyopata fedha kwa kiwanda, kwa meli au kwa soko la hisa ilitaka kuonekana hata baada ya kufa, na Highgate iliiuzia nafasi hiyo. Mtindo wa Misri ya kale ulikuwa unapendwa sana Ulaya wakati ule, basi Geary akajenga Njia ya Misri: lango refu lenye nguzo nene na minara miwili iliyochongoka pembeni, kisha ujia unaopanda taratibu kati ya vyumba vya maziko, 16 kulia na kushoto, kila kimoja chenye nafasi ya majeneza 12. Ujia huo unatokeza kwenye Duara la Lebanoni. Hapa palikuwa na mwerezi mkubwa wa Lebanoni uliopandwa zamani katika bustani ya Ashurst. Wajenzi hawakuukata. Waliichimba ardhi kuuzunguka, wakajenga vyumba 20 kwenye ukuta wa duara uliobaki, mti ukawa juu ya mapaa yao kama uliopandwa katika chungu kikubwa. Miaka ya 1870 duara la nje liliongezwa vyumba vingine 16 vikitazamana na vile vya ndani. Juu zaidi yapo makatakombe, ukumbi mrefu uliochimbwa kilimani wenye rafu za mawe za kuwekea majeneza zaidi ya 800.

Biashara ilishamiri kiasi kwamba kampuni ilinunua ardhi ng'ambo ya Swain's Lane. Lakini kulikuwa na tatizo la ibada: ardhi ya kanisa dogo ilikuwa upande wa magharibi, na maiti aliyekwisha kuombewa hakupaswa kutoka kwenye ardhi takatifu kabla ya kuzikwa. Wahandisi wakachimba njia chini ya barabara. Jeneza lilishushwa kwa mtambo wa nguvu za maji kutoka sakafu ya kanisa, likapita chini ya magurudumu ya mikokoteni, likaibukia mashariki bila kugusa ardhi ya mtaa.

Orodha ya waliozikwa Highgate ni ndefu, na wengi wao hawakuwa matajiri. Mwanasayansi Michael Faraday, mtoto wa mhunzi, amelala katika zile eka mbili za madhehebu mengine. George Wombwell, mwenye maonyesho ya wanyama aliyefariki mwaka 1850, ana sanamu ya simba wake Nero juu ya kaburi. Bondia Tom Sayers analindwa na sanamu ya mbwa wake, ambaye katika mazishi ya mwaka 1865 alipewa gari lake mwenyewe nyuma ya jeneza huku maelfu ya watu wakifuata. Elizabeth Siddal, mchoraji na mke wa mshairi Dante Gabriel Rossetti, alifukuliwa mwaka 1869 ili yatolewe mashairi ambayo mumewe alikuwa amezika pamoja naye. Mwandishi George Eliot alizikwa mashariki mwaka 1880. Karl Marx alizikwa Machi 1883 katika kaburi la kawaida la mkewe, mbele ya watu wasiozidi kumi na wachache, na Friedrich Engels ndiye aliyetoa hotuba. Mnara mkubwa wenye kichwa chake, kazi ya mchongaji Laurence Bradshaw, ulisimamishwa mwaka 1956 baada ya mabaki yake kuhamishiwa mahali panapoonekana zaidi.

Chanzo cha kuanguka kwa Highgate kilikuwa ndani ya mkataba wenyewe. Kaburi liliuzwa mara moja, kwa milele. Fedha ilipokelewa siku ya kwanza na kugawiwa wenye hisa; kazi ya kufyeka, kuziba nyufa na kusimamisha mawe yaliyoinama iliendelea mwaka baada ya mwaka. Maadamu makaburi mapya yaliuzwa, mapato ya wapya yalilipia utunzaji wa wa zamani. Nafasi zilipoanza kwisha, hesabu ilikataa. Vita Kuu ya Kwanza iliwachukua watunza bustani wengi. Baada ya vita mitindo ya maziko ilibadilika, watu wakataka mawe madogo na wengi wakachagua kuchomwa badala ya kuzikwa. Familia zilizokuwa na vyumba vya fahari zilihama, zikafilisika au zikaisha. Makanisa madogo yalifungwa mwaka 1956. Mwaka 1960 kampuni ilimezwa na nyingine, nayo haikuweza. Mwaka 1975 upande wa magharibi ulifungwa.

Hali iliyokuwapo wakati huo ilistahili kuitwa msiba. Miti ya saikamo na ya ash, ambayo hakuna aliyeipanda, ilikuwa imeota kila mahali. Mti wa namna hiyo unaangusha kaburi polepole. Mbegu yake huingia katika ufa ambao chokaa imedondoka, ikachipua humo penye unyevu. Mzizi ukinenepa, bamba la jiwe hunyanyuka upande mmoja. Mvua huingia ndani, maji huganda wakati wa baridi na kupanuka, na ufa wa upana wa ukucha hufika upana wa mkono. Miaka 30 ikipita, mti hubaki umelishika jiwe kwa mizizi, na mtu akiukata bila mpango, kaburi zima humwagika. Juu ya hayo yote palitanda mimea ya kutambaa na miba mirefu kuliko mtu.

Binadamu waliongeza uharibifu. Vyumba vilivunjwa milango, majeneza yakafunguliwa. Filamu za kutisha zilipigwa humo kwa sababu mahali palikuwa tayari pana sura hiyo bila gharama. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1970 ukazuka uvumi wa jinamizi mnyonya damu, magazeti na televisheni vikaukuza, na usiku wa tarehe 13 Machi 1970 umati wa watu uliruka kuta kwenda kumwinda. Makaburi ya watu waliokuwa na majina, wazazi na watoto yalikanyagwa kwa ajili ya mchezo. Kwa majirani wengi wa Highgate hilo lilikuwa fedheha, na hasira yao ni sehemu ya mwanzo wa chama.

Chama cha Marafiki kiliundwa mwaka 1975. Waliokuja walikuwa wakazi wa mitaa ya jirani, wastaafu, wapenda historia, wapenda ndege na miti, na watu ambao babu zao walizikwa humo. Aliyesimama mbele kwa miongo kadhaa alikuwa Jean Pateman, mwanamke ambaye jina lake na la Highgate hayawezi kutenganishwa katika kipindi hicho. Siku za mwanzo kazi ilikuwa ya mikono mitupu, mapanga, misumeno na mikokoteni: kufungua njia zilizopotea, kwani hata walinzi hawakuweza tena kufika kwenye baadhi ya makaburi. Chama hakikuwa na mamlaka juu ya ardhi. Kiliifanyia kazi mali ya watu wengine, na wenye mali hawakuwa na sababu ya kuing'ang'ania. Ardhi yenye maiti 170,000 haijengwi nyumba.

Suala la umiliki lilimalizika mwaka 1981. Hati ya ardhi yote, magharibi na mashariki, ilinunuliwa kwa niaba ya Marafiki kwa pauni 50. Kiasi hicho kinaonyesha jinsi mzigo ulivyokuwa. Aliyepokea hati alipokea kuta zilizobomoka, mapaa yaliyovuja na wajibu wa kisheria kwa kila familia yenye haki ya kaburi. Baadaye mali iliwekwa chini ya wakfu wa hisani, ili isiweze kuuzwa na kizazi kijacho kwa faida ya mtu.

Hapo ndipo Marafiki walipofanya uamuzi ambao, kuliko kazi yoyote ya nyundo na chokaa, umeifanya Highgate iwe kama ilivyo. Kulikuwa na njia mbili zilizo wazi. Moja ilikuwa kuyarudisha makaburi kama yalivyokuwa enzi za Malkia Victoria: miti michache, nyasi zilizokatwa, mawe meupe yaliyong'arishwa, na London yote ikionekana kutoka juu ya kilima. Nyingine ilikuwa kuyaachia msitu. Walikataa zote mbili. Waliita siasa yao uachaji unaosimamiwa: mti unaotishia jengo unakatwa, usiotishia unaachwa, kaburi lililoinama linaachwa limeinama maadamu haliangukii mtu, jengo kubwa linalokaribia kuporomoka linaokolewa kwanza, na mapambo yanangoja. Siasa hiyo ilikuwa na lawama zake. Wapo walioona aibu kwamba mawe yanaachwa yamefunikwa na majani, na wengine walisikitikia kila mti ulioangushwa. Lakini kwa fedha zilizokuwapo, na kwa kuwa miti yenyewe imekwisha kuwa makazi ya ndege, mbweha na popo, njia ya kati ilikuwa sahihi. Mwaka 2013, waliokuwa wakitafuta popo ndani ya vyumba vya Njia ya Misri walikuta kundi la buibui wa mapangoni wa aina adimu, waliohitaji giza kamili ili waishi. Giza hilo liliwekwa na wajenzi wa mwaka 1839 kwa ajili ya majeneza.

Katika majengo yaliyookolewa, la kaburi la Julius Beer ndilo linaloonyesha vizuri zaidi namna kazi ilivyokuwa. Beer alizaliwa Frankfurt, akatajirika katika soko la hisa la London na kulinunua gazeti la The Observer. Binti yake Ada alipofariki akiwa na miaka minane, alimjengea kaburi kubwa kuliko yote ya watu binafsi pale, juu kabisa ya kilima, kwa kuiga lile kaburi mashuhuri la Halikarnaso la zama za Wayunani. Msanifu alikuwa John Oldrid Scott. Ndani, dari imepambwa kwa vigae vidogo vya dhahabu na buluu, na ukutani H. H. Armstead alichonga malaika akimpokea mtoto wa kike. Marafiki walipoufungua mlango, njiwa walikuwa wameishi humo miaka mingi. Kinyesi chao kilikuwa kimerundikana sakafuni. Kinyesi cha njiwa kina asidi inayokula marumaru, na vumbi lake hudhuru mapafu, hivyo watu waliingia wamefunika nyuso, wakakisomba kwa koleo. Baada ya hapo zilifuata kazi za mafundi: paa, vioo, vigae vilivyodondoka. Jengo lilirejeshwa katika hali yake mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Kazi ya namna hiyo haifanywi na wapenzi peke yao. Hapa chama kilijifunza mapema kutofautisha kazi mbili. Kufyeka, kuelekeza wageni, kujibu barua za watu wanaotafuta kaburi la bibi au babu, kulinda lango: hizo ni kazi za wanachama. Kujenga upya upinde wa mawe ni kazi ya fundi mwashi aliyesomea majengo ya kale, anayejua kwamba jiwe laini la zamani hujengewa kwa chokaa, kwa sababu saruji hufungia maji ndani na kulipasua. Fundi huyo hulipwa. Fedha ilitoka katika ruzuku za taasisi za urithi wa Uingereza, michango, wasia, na kwa sehemu kubwa kiingilio.

Kiingilio kimezua ugomvi usiokwisha. Kwa miongo mingi upande wa magharibi ulitembelewa kwa kuongozwa tu, na waongozaji walikuwa watu wa kujitolea. Waandishi wawili wa riwaya wenye sifa, Tracy Chevalier na Audrey Niffenegger, walikuwa miongoni mwao, na kila mmoja aliandika riwaya inayotokea makaburini humo. Upande wa mashariki mgeni huingia mwenyewe, lakini naye hulipa. Wafuasi wa Karl Marx wamelalamika mara kwa mara kwamba ni kinyume cha mafundisho yake kutozwa fedha ili kuliona kaburi lake. Lalamiko hilo linaeleweka. Hata hivyo kaburi hilo liliwahi kutegewa bomu mwaka 1970 na kupigwa nyundo mwaka 2019, na anayelitengeneza na kulilinda ni chama kinachoishi kwa kiingilio hichohicho. Wanaokwenda kwa Marx hupita pia kwa majirani zake ambao Waafrika wana sababu ya kuwakumbuka: Yusuf Dadoo, kiongozi wa mapambano dhidi ya ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, aliyezikwa hapo mwaka 1983 akiwa uhamishoni, na Claudia Jones, mzaliwa wa Trinidad, mwanzilishi wa gazeti la watu weusi wa London.

Mfano wa Highgate ulienea haraka. Makaburi mengine ya kundi lile la saba yalipata vyama vyake, kama Nunhead mwaka 1981, na mwaka 1986 vyama vya Marafiki wa makaburi nchini Uingereza viliunda shirikisho la taifa. Serikali nayo iliitambua Highgate kama mandhari ya kihistoria ya daraja la kwanza, na hadhi hiyo huzingatiwa maombi ya ujenzi yanapoamuliwa.

Miaka ya karibuni imeleta mashaka ya aina nyingine. Ugonjwa wa ukungu unaoua miti ya ash umeenea Uingereza nzima, na Highgate ina mingi. Mwaka 2019 ule mwerezi wa Lebanoni, uliokuwa mkubwa kuliko makaburi yenyewe kwa umri, ulikutwa umeoza ndani kwa ukungu na ukakatwa kabla haujaangukia vyumba vya duara. Mwerezi mchanga umepandwa mahali pake. Mvua kubwa zinasomba udongo wa mteremko. Kwa sababu hiyo wakfu uliitisha shindano la wasanifu wa mandhari, ikashinda kampuni ya Gustafson Porter + Bowman, ili upangwe upya mpango wa miti, maji na njia kwa miongo ijayo.

Tatizo la asili, lile la nafasi, nalo limepatiwa jibu. Highgate haijaacha kuzika. Mwaka 2006 alizikwa Alexander Litvinenko, Mrusi aliyeuawa kwa sumu ya mionzi, katika jeneza lililofungwa kwa madini ya risasi. Mwanamuziki George Michael alizikwa mwaka 2017. Maziko hayo huleta mapato, na bila nafasi mpya yangekoma kama yalivyokoma kwa kampuni ya kwanza. Marafiki walikwenda Bungeni, kama Stephen Geary na wenzake walivyokwenda mwaka 1836, na Sheria ya Makaburi ya Highgate ikapitishwa mwaka 2022. Inaruhusu kaburi ambalo halijazikwa mtu kwa miaka 75 litumiwe tena, baada ya tangazo la wazi, na familia ikipinga, kaburi haliguswi. Wapo wanaoiona kuwa ni kuvunja ahadi ya milele waliyopewa wa zamani. Ahadi hiyo, hata hivyo, ilitolewa na kampuni isiyoweka akiba ya kuitimiza, na waliojaribu kuitimiza kwa kadiri inavyowezekana ni watu ambao hawakuitoa.